Mbwa kakonda, kanenepa au yuko sawa? Dalili, sababu na la kufanya

Huku Nyanda za Juu Kusini mbwa mwenye mbavu zinazoonekana huambiwa ana njaa, na mbwa mnene huambiwa katunzwa. Maneno hayo husemwa kwa kuangalia tu, tena kutoka ng'ambo ya uzio, na mara nyingi si kweli. Mbwa wa kienyeji wa kilo 15 anayeshinda na ng'ombe huko Usangu anaweza kuonyesha mbavu za mwisho na akawa mzima kabisa. German Shepherd wa Gangilonga mwenye manyoya mazito ya msimu wa baridi anaweza kuonekana amejaa, kumbe chini ya manyoya imebaki mifupa. Na yule mtoto wa mbwa mwenye kitumbo cha mviringo, ambaye watoto wanamfurahia kwamba leo kashiba, huenda kitumbo hicho ni minyoo.

Naomba jambo moja kabla hatujaanza: usiongeze wala kupunguza chakula kabla hujampima na kujua tatizo ni lipi. Kumwongezea ugali mbwa mwenye minyoo, au kumpunguzia chakula mbwa ambaye tumbo limejaa maji ya ugonjwa, ni kumchelewesha kupata tiba. Nimeona mbwa wazuri wakipotea kwa kuchelewa namna hiyo, na inauma kwa sababu dalili zilikuwepo.

Mshike kwanza

Mpime asubuhi kabla hajala, akiwa amesimama kwa miguu yote minne. Mtu aliyemzoea amshike kichwa. Wewe kaa nyuma yake, weka vidole gumba viwili juu ya uti wa mgongo, vidole vingine vitandaze ubavuni, kisha vipeleke mbele na nyuma taratibu bila kukandamiza.

Kipimo cha kulinganishia unacho mwenyewe. Nyoosha mkono mmoja, kiganja kitazame chini, upapase mgongo wa mkono huo kwa vidole vya mkono wa pili. Mifupa unaigusa mara moja, lakini juu yake kuna ngozi na kinyama chembamba. Mbavu za mbwa mwenye uzito mzuri ziko hivyo. Sasa kunja ngumi, upapase vifundo vya vidole: mbavu zikichomoza namna hiyo, kakonda. Geuza mkono, papasa kiganja kwa ndani, pale penye nyama: mifupa ipo, lakini huipati mpaka ukandamize. Mbavu zikiwa hivyo, kanenepa.

Baada ya mbavu, mtazame kutoka juu. Nyuma ya ubavu wa mwisho mwili unatakiwa upungue, kiuno kionekane, kisha upanuke tena kwenye nyonga. Chuchumaa umtazame kwa pembeni: mstari wa tumbo unatakiwa upande kutoka kifuani kwenda kwenye mapaja. Mbwa ambaye mgongo wake ukiutazama kutoka juu umenyooka bila kiuno, na tumbo lake liko sawa na kifua au limeshuka chini yake, ana mafuta ya ziada hata kama mwenye mbwa anasema ni mifupa mikubwa.

Kipimo cha tatu wengi wanakiruka, nacho ni misuli. Papasa juu ya kichwa kati ya masikio, mabega, mapaja, na pande mbili za uti wa mgongo. Mafuta na misuli ni vitu viwili. Mbwa mzee anaweza kuwa na mafuta tumboni huku mapaja yamekwisha, na mbwa wa kuchunga anaweza kukosa mafuta kabisa huku paja lake ni gumu na limejaa.

Madaktari wa mifugo huandika hali ya mwili kwa alama, kuanzia 1 hadi 9. Alama 1 ni mifupa mitupu, 9 ni unene uliopindukia, na 4 na 5 ndizo nzuri. Kila alama inayozidi 5 ni takriban asilimia 10 ya uzito wa ziada. Kwa hiyo mbwa wa kilo 36 mwenye alama 7 alipaswa kuwa na kilo kama 30.

Mizani inafuata baada ya mikono. Kama una mizani ya kusimama, jipime peke yako, kisha mbebe mbwa mjipime pamoja, utoe uzito wako. Mbwa mkubwa asiyebebeka mpeleke kwa wanunuzi wa mazao, pale Uyole, Makambako au Mafinga, ambako kuna mizani ya chini ya kupimia magunia. Watu hao kwa kawaida hawakatai, ila mfunge mdomo kama ana tabia ya kung'ata. Mtoto wa mbwa mtie kwenye kikapu na utumie mizani ya kuning'iniza.

Jedwali la uzito wa aina za mbwa unaloliona kwenye simu usilitegemee sana. Wengi wa mbwa tunaowaita German Shepherd au Boerboel mitaani kwetu ni chotara, na jedwali halimjui baba yake. Namba ya mizani ina kazi ukiilinganisha na namba ya mwezi uliopita ya mbwa huyo huyo. Iandike kwenye kalenda ya ukutani, na umpige picha mbili kila mwezi, moja kutoka juu na moja kwa pembeni. Jicho linalomwona mbwa kila siku halioni akibadilika.

Mbavu zinaonekana, lakini mchangamfu na anakula

Kwa mbwa mwenye nywele fupi, hasa wa kienyeji, mbavu mbili tatu za mwisho kuonekana anapogeuka au anapohema baada ya mbio si ugonjwa. Angalia mambo mengine: mapaja yamejaa, nyonga hazijachongoka, manyoya yanang'aa, kinyesi kinashikana, na uzito haujashuka. Yote yakiwa sawa, mwache alivyo. Najua majirani watasema. Lakini upo utafiti uliofanywa Marekani kwa Labrador 48 waliofuatiliwa maisha yao yote, ukachapishwa mwaka 2002: nusu yao walipewa chakula pungufu kwa asilimia 25 kuliko ndugu zao waliozaliwa nao. Wale wembamba waliishi karibu miaka miwili zaidi, na matatizo ya viungo yaliwafika wakiwa wamechelewa. Kwa hiyo mbwa mwembamba mwenye misuli hajaonewa.

Dume linaloachiwa nje usiku linaweza kukonda ghafla wakati jike la mtaa liko kwenye joto. Linatoka jioni, linarudi asubuhi na majeraha, halitaki chakula. Likitulia linarudisha mwili. Likiendelea kukonda wiki mbili baada ya hapo, soma sehemu zinazofuata.

Na msimu wa baridi unakula mwili. Juni na Julai, Makete, Njombe na Mafinga, ambako usiku barafu hutanda kwenye majani, mbwa anayelala nje anatumia nguvu nyingi kujipasha joto tu. Huyo anahitaji chakula zaidi kuliko alichokula Februari, na banda lenye sakafu iliyoinuliwa na mabua au magunia makavu ndani. Banda la bati tupu kwenye udongo halimsaidii.

Kama nyonga na mifupa ya mgongo inaonekana ukiwa umesimama mbali, hiyo ni alama 3 au chini yake. Hapo hatuzungumzii umbo la mbwa tena.

Anakula vizuri, bado anakonda

Anza kwa kuuliza nani anamwona akila. Mara nyingi jibu la nyumbani ni "tunamwekea", na kuwekewa si kula.

Jirani yangu wa Kihesa alikuwa na mbwa wawili, dume na jike, wakila kwenye sufuria moja nyuma ya jiko. Dume limenenepa, jike mbavu nje. Mama mwenye nyumba alikuwa na hakika jike ana ugonjwa, akanunua dawa mara mbili. Jioni moja tukasimama dirishani tukatazama. Dume lilipoinamisha kichwa kwenye sufuria, jike lilikwenda kukaa karibu na bomba, likageuza uso pembeni. Dume lilipoondoka, jike likaja kulamba ukoko. Hakukuwa na ugomvi wala mngurumo, ndiyo maana hakuna aliyeshtuka. "Mama, huyu haumwi, huyu hajala," nikamwambia. Wakaanza kumlisha jike ndani ya stoo, mlango umefungwa mpaka amalize, na mwili ukarudi. Ukiwa na mbwa zaidi ya mmoja, jaribu hilo kabla ya kununua chochote.

Ukishajua kwamba anakula kweli, tazama anakula nini. Ugali mtupu unajaza tumbo, haujengi mwili. Unga wa mahindi una protini kama gramu 8 au 9 kwa kila gramu 100, na hata hiyo protini ya mahindi ina upungufu. Mbwa mzima anahitaji walau asilimia 18 ya chakula chake, kikiwa kikavu, iwe protini; mtoto wa mbwa na jike linalonyonyesha walau asilimia 22.5. Mbwa wa ugali mtupu anaweza kuwa na tumbo lililojaa kila siku huku misuli ya mapaja inakwisha na manyoya yanakuwa makavu na mekundu mekundu.

Dawa yake haina gharama kubwa. Mbwa mzima wa kilo 15 anayetumia siku kwa kazi za kawaida anahitaji takriban kilokalori 850 hadi 950 kwa siku. Gramu 200 za unga, dona ikiwezekana, na gramu 50 za dagaa wakavu zinafika humo, na kwa mchanganyiko huo protini inafikia karibu asilimia 18. Usipa wa Ziwa Nyasa wanaoletwa kutoka Kyela wanafaa sana. Waoshe mchanga utoke, wachemshe, kisha ongeza unga humo humo usonge. Mboga za majani kidogo na kipande cha ini mara moja kwa wiki vinasaidia. Kitunguu na kitunguu saumu usitie, vinaharibu damu ya mbwa. Pima unga wako mara moja kwenye mizani, ujue kikombe chako kinabeba gramu ngapi, baadaye tumia kikombe.

Kama anakula peke yake, chakula kina dagaa au nyama, na bado anashuka, sababu ya kwanza ya kufikiria ni minyoo. Minyoo ya safura inanyonya damu, kwa hiyo mbwa anakonda na fizi zinapauka. Inua mdomo wa juu utazame: fizi nzima ni ya waridi, na ukibonyeza kwa kidole ikawa nyeupe inarudi rangi yake ndani ya sekunde mbili. Tegu wanaoenezwa na viroboto utawajua kwa vipande vyeupe, mfano wa mbegu za tango, kwenye manyoya ya mkundu au juu ya kinyesi kibichi, na mbwa huburuza makalio chini. Lakini tegu hao peke yao ni mara chache wamkondeshe mbwa mzima. Ukiwaona watibu, uue na viroboto, halafu uendelee kutafuta sababu nyingine.

Usimpe mbwa dawa ya minyoo ya mbuzi kwa kukadiria. Kwa baadhi ya dawa za mifugo, kiasi kinachotibu mbwa na kiasi kinachomdhuru viko karibu mno. Nenda dukani na uzito wa mbwa umeuandika kwenye karatasi, uombe dawa ya mbwa, na uliza kama inaua na tegu, kwa sababu nyingine haziui. Mbwa mzima hupewa kila baada ya miezi mitatu.

Zipo sababu mbili ambazo si za kawaida lakini hutaki kuzikosa. German Shepherd kijana anayekula kwa pupa, anakonda, na anatoa kinyesi kingi, laini, cha rangi iliyofifia na chenye mafuta, pengine anakila tena, huenda kongosho yake haitoi vimeng'enya vya kusaga chakula. Aina hiyo ya mbwa inapata ugonjwa huo kuliko nyingine nyingi, na tiba ipo, ya maisha yote. Na mbwa wa makamo anayekula sana, anakunywa maji mengi kuliko zamani, anakojoa mara kwa mara na bado anakonda, apimwe sukari.

Jike linalonyonyesha hukonda hata likiwa zima. Watoto wakiwa wengi, wiki ya tatu na ya nne linaweza kuhitaji chakula mara tatu ya kile cha kawaida. Liwekee mara nne kwa siku, na maji yasikauke.

Tumbo kubwa, mgongo mwembamba

Dalili hii ndiyo inayodanganya kuliko zote, kwa sababu mtu anatazama tumbo na kuridhika. Tumbo si kipimo cha mafuta. Rudi kwenye uti wa mgongo: kama vidole gumba vinagusa mifupa iliyochomoza huku tumbo limetuna, hilo tumbo lina kitu kingine.

Kwa mtoto wa mbwa, karibu kila mara ni minyoo mikubwa ya mviringo. Anaweza kuzaliwa nayo, maana inapita kwa mama kabla hajazaliwa, na mingine humfika kwenye maziwa. Ndiyo maana watoto waliozaliwa kwenye banda safi nao wanakuwa nayo. Dawa huanza wiki ya pili tangu kuzaliwa, hurudiwa kila wiki mbili hadi wiki ya kumi na mbili, kisha kila mwezi hadi miezi sita. Mama atibiwe pamoja nao. Mayai ya minyoo hii yanakaa muda mrefu kwenye udongo na yanaambukiza watoto wetu wanaochezea hapo hapo uani, basi zoa kinyesi kila siku.

Kwa mbwa mzima, tumbo likikua polepole huku mapaja yakipungua, mlaze au msimamishe, weka kiganja upande mmoja wa tumbo na ugonge upande wa pili kwa kidole. Ukihisi wimbi likivuka, kuna maji. Hayo yanaweza kutokana na ini, moyo, au kupotea kwa protini. Hapa chakula hakitibu, daktari anahitajika wiki hiyo hiyo.

Nataka nikae kidogo kwenye ini, kwa sababu sisi ni watu wa mahindi. Mahindi yaliyoota ukungu, yale tunayoyatenga tukisema haya ni ya mbwa na kuku, yanaweza kuwa na sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu Dodoma na Manyara, na mbwa anaathirika nayo vibaya. Inaharibu ini: mbwa anaacha kula, anatapika, anakonda, weupe wa macho na fizi vinakuwa vya njano, na tumbo linaweza kujaa maji. Kupika hakuondoi sumu hiyo. Mahindi usiyoweza kumpa mtoto wako usimpe mbwa.

Tumbo likivimba ghafla ndani ya saa chache, hasa kwa mbwa mkubwa mwenye kifua kirefu, akawa anajaribu kutapika bila kutoa kitu na hatulii, usisubiri asubuhi. Tumbo limejaa hewa na huenda limejisokota, na mbwa hufa kwa saa, si kwa siku.

Hataki chakula, ananyong'onyea na kukonda

Mtazame kupe kwanza: ndani ya masikio, kati ya vidole, chini ya mkia. Magonjwa ya kupe yapo mikoa yetu yote. Mbwa anakuwa na homa, fizi zinapauka, mkojo unaweza kuwa na rangi ya chai ya rangi, wengine hutoka damu puani. Joto la kawaida la mbwa ni nyuzi 38 hadi 39.2, kwa hiyo mwili wake kuwa wa moto kuliko wako si homa. Magonjwa haya yana dawa nzuri yakiwahiwa. Yakichelewa, mbwa anaweza kukonda kwa miezi.

Ukikaa Pawaga, Idodi au pembezoni mwa Ruaha, ambako mbung'o wapo, ongeza nagana kwenye orodha. Mbwa ni mwepisi sana kuugua. Dalili inayonishtua ni jicho: linakuwa na utandu wa buluu au mweupe, huku mbwa anakonda na ana homa ya kupanda na kushuka. Wengi hudhani kapigwa fimbo machoni.

Yule anayekwenda kwenye chakula kwa hamu, anakitia mdomoni, kisha anakiachia, tatizo liko mdomoni. Jino limevunjika, fizi zimeoza, au mfupa umekwama kati ya meno ya juu, umekingama kwenye kaakaa. Mifupa iliyopikwa ya kitimoto na ya kuku ndiyo inayokwama na kupasuka vipande vikali, usimpe.

Ila kabla ya kumfungua mdomo, fikiri. Mbwa asiyeweza kumeza, anayedondosha mate, aliyebadilika sauti au tabia, na hasa ambaye hajachanjwa, anaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Usimtie mkono mdomoni. Mfungie, mwite ofisa mifugo wa kata. Kama mate yake yameshakugusa kwenye jeraha au amekung'ata, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo ukapate chanjo.

Ananenepa ingawa "tunampa kidogo"

Siamini kwamba watu wanadanganya wanaposema hivyo. Kila mmoja anampa kidogo kweli, ila hawajumlishi. Baba anampa ukoko asubuhi, dada wa kazi anampa makombo mchana, watoto wanampa chapati, mlinzi anagawana naye ugali wa usiku, na jirani anamrushia vichwa vya samaki. Chukua ndoo yenye mfuniko. Asubuhi weka ndani chakula chote cha siku nzima cha mbwa huyo, na iwe sheria kwamba hakuna kitu kinachotoka popote pengine. Ikiwa mlinzi anataka kumpa, achote humo. Ndani ya siku chache utaona chakula kilikuwa kinatoka wapi.

Kuna chakula ambacho hakitoki jikoni pia. Rungwe na Njombe mbwa wengi wanajiokotea maparachichi yaliyodondoka, na wanayapenda. Lile ni tunda la mafuta; mbwa akishinda chini ya miti msimu wa mavuno, ananenepa mwenyewe bila wewe kugusa sufuria. Kokwa lake nalo likimezwa linaweza kuziba utumbo. Okota yaliyodondoka kila asubuhi, au mfunge upande mwingine. Wanaoishi karibu na mabucha ya kitimoto wajue kwamba mafuta ya nguruwe mengi kwa mara moja yanaweza kuvimbisha kongosho, mbwa akatapika na kujikunja kwa maumivu. Machicha ya komoni, pombe yetu ya kienyeji, nayo yana kilevi, yasiachwe wazi.

Mbwa aliyehasiwa, au jike lililofungwa uzazi, mahitaji yake ya chakula hupungua kwa karibu robo, wakati hamu ya kula inaongezeka. Hii si sababu ya kuacha kuhasi. Ni sababu ya kupunguza kikombe wiki ile ile anapopona kidonda.

Jike lililonenepa lisilofungwa uzazi lichunguzwe kwanza kama lina mimba kabla ya kupewa adhabu ya njaa. Mimba ya mbwa huchukua takriban siku 63, na tumbo hukua zaidi wiki tatu za mwisho. Usilipunguzie chakula kipindi hicho hata kidogo.

Ukishahakikisha chakula chote kinapimwa, hakuna mimba, na bado uzito unapanda, tazama ngozi. Mbwa mzito, mvivu, anayetafuta jua kila saa, manyoya yanapukutika pande zote mbili sawasawa na mkia umebaki uchi, huenda tezi ya shingo imepunguza kazi. Mwenye tumbo lililoshuka, ngozi nyembamba, anayekunywa maji mengi na kuhema hata kukiwa na baridi, tezi zilizo juu ya figo zinaweza kuwa zinafanya kazi kupita kiasi. Aliyepewa vidonge au sindano za kuzuia muwasho kwa muda mrefu anaweza kuwa na sura hiyo hiyo. Yote haya ni ya kupimwa damu.

Kumpunguza mwili bila kumtesa

Usimnyime chakula siku nzima. Kadiria uzito anaopaswa kuwa nao, kisha mlishe kwa uzito huo. Yule wa kilo 36 anayepaswa kuwa na 30 aanze na takriban kilokalori 900 kwa siku, zikigawanywa mara mbili. Punguza ugali, usipunguze dagaa, maana ukikata protini atapoteza misuli badala ya mafuta. Akilalamika njaa, ongeza kabichi au boga lililochemshwa. Kitu chochote cha kumfurahisha kisizidi sehemu moja ya kumi ya chakula cha siku.

Kasi nzuri ni asilimia 1 hadi 2 ya uzito kwa wiki. Mbwa wa kilo 36 apoteze kati ya gramu 360 na 720 hivi. Akishuka haraka zaidi, ongeza chakula kidogo; asiposhuka kwa wiki tatu, kuna mtu anampa kitu pembeni, au ni zile tezi. Matembezi yaanze mafupi, asubuhi au jioni, kwenye njia tambarare. Vilima vyetu ni vikali, na mbwa mnene akipandishwa kwa nguvu anaumia magoti na nyonga.

Mzee anayekonda mgongoni

Mbwa wa miaka kumi kupungua misuli kidogo ni umri. Lakini akipoteza sehemu moja ya kumi ya uzito wake ndani ya miezi michache, usiseme ni uzee. Angalia meno, maji anayokunywa, uvimbe wowote chini ya ngozi au kwenye matiti, na namna anavyonyanyuka asubuhi. Mwenye maumivu ya viungo anaacha kwenda kwenye sahani kwa sababu iko mbali na baridi imemkaza. Mletee chakula alipolala, uinue sahani kidogo, umtandikie. Figo zikiwa na tatizo atakunywa sana na pumzi itanuka vibaya. Huyo apimwe kabla hujabadilisha chakula.

Ukienda kwa daktari

Mikoa yetu ina ofisa mifugo kila wilaya na kwenye kata nyingi, na Iringa kuna kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari ambako sampuli zinaweza kupimwa. Nenda na kinyesi cha asubuhi hiyo kwenye chombo safi chenye mfuniko, si cha jana. Nenda na orodha ya uzito kutoka kwenye kalenda, zile picha mbili mbili za kila mwezi, karatasi ya chanjo, na jina la dawa ya minyoo ya mwisho pamoja na tarehe aliyopewa. Kuhusu chakula, usiseme "anakula vizuri". Sema gramu ngapi, mara ngapi, na nani anampa.